Jina la Mke wa Mpiga Gitaa

Simu ilikuwa bado sikioni mwa Adélaïde, na simu yenyewe haikuwa yake.

Mliokuwepo wiki iliyopita mnakumbuka ilivyolia juu ya spika, Jumamosi mchana, ndani ya baa moja ya Nyamityobora mjini Mbarara, bendi ikipima vyombo. Mutware, mpiga gitaa na mwenye simu, alikuwa nje anatafuta waya. Adélaïde, mwimbaji wao, akaipokea kwa niaba yake. Mwanamke akajitaja kuwa anapiga kutoka ofisi ya wakimbizi, Base Camp, kambini Nakivale. Halafu akasema:

"Ambia Mutware akuje Jumatatu, saa tatu ya asubuhi. Ni mambo ya ile faili, yake na ya bibi yake."

Bibi yake!

Miaka mitano Adélaïde amelala na kuamka na mwanamume huyu. Amemfulia mashati ya jukwaani, amemkanda vidole vilivyokufa ganzi kwa nyuzi, amekula naye sahani moja ya maharage nyuma ya baa zisizo na idadi. Miaka yote hiyo alimjua kuwa mjane. Leo mjane ana mke!

"Bibi yupi?" akauliza.

Laini ilikuwa imekatika.

Mutware akaingia, waya umening'inia shingoni. "Nani ule alipiga?"

"Ofisi. Jumatatu saa tatu. Wewe na mke wako."

Alingoja akane. Alingoja acheke, aseme hao wamekosea namba. Badala yake Mutware akaketi polepole juu ya kreti ya bia.

"Bametaja Kampire?"

"Kumbe ndilo jina lake."

"Kampire alikufaka, Adélaïde. Nilikuambia."

"Wafu hawaitwi ofisini, Mutware!"

"Sikiliza kwanza." Alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. "Vita ilipofika kwetu mu Bijombo tulikimbia batu mingi, tukapoteana. Siku niliingia Nakivale bakaniuliza, uko na bibi? Nikasema ndiyo, tulipoteana mu njia. Bakaandika. Mwaka moja ulipopita, batu ba kwetu njo baliniambia: Kampire, maji ilimubeba ku mutoni."

"Na hukwenda kumfuta kwenye faili?"

"Kumufuta mule ni kumuzika na mikono yangu. Sikuweza."

Adélaïde alikuwa na jibu, tena kali. Halikupata nafasi.

"Nyinyi wawili!" sauti ikapasuka kwenye spika. "Tunapima mikro ama tunapanga ndoa?"

Huyo alikuwa Venuste, Mrundi wa miaka sitini na mmoja, mpiga kinanda na kiongozi wa bendi. Bendi aliiita Vijana wa Rubondo, kwa jina la sehemu ya kambi walikoanzia, na kwa kuwa siku hizo walikuwa vijana kweli. Walianza watu kumi na mmoja. Ndege ikawapunguza. Mpiga tarumbeta alipata kesi ya Kanada, akahamishiwa huko. Damascène wa besi akaenda Australia, Ezira wa ngoma akaenda Marekani. Kila aliyepanda ndege aliapa kutuma vyombo vipya. Kila mmoja alituma picha ya theluji.

Sasa walibaki wanne: Venuste, Mutware, Adélaïde, na Larissa, binti wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa mwitikiaji. Ngoma na besi zilitoka ndani ya kinanda. Walilala juu ya spika, wakaoga kwa zamu nyuma ya majiko ya watu, wakaimba nyimbo za Kinyankore ambazo Adélaïde alizikariri neno kwa neno bila kujua zinalia au zinacheka. Mbarara, Isingiro, Ngarama, kisha Mbarara tena. Wiki nenda, wiki rudi.

Jumamosi hiyo walipiga. Adélaïde aliimba na wala hakugeuka kumtazama mpiga gitaa.

Jumapili asubuhi, Adélaïde alipotoka misa, Mutware alimfuata nyuma ya baa alikokuwa akianika nguo.

"Ile faili ni ya kwenda inje," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana baliniuliza maulizo mingi. Kama baniita, ni kusema imetembea."

"Nenda basi. Nenda na marehemu wako."

"Twende pamoja."

"Mimi ni nani wako kwenye hiyo faili?"

Mutware akatazama huku na huku. "Hawana picha ya Kampire. Hawana kidole yake. Alipoteaka mbele ya kumuandika. Bako paka na jina tu."

Ilimchukua Adélaïde muda kumwelewa. Alipomwelewa alikuwa na shati bichi mkononi, na shati hilo likamtandika Mutware usoni, paa!

"Jina langu nilibatizwa nalo! Sikuliokota!"

Mutware hakujifuta maji. "Basi tubaki," akasema. "Tubaki tukufie hapa juu ya spika."

Na angebaki. Naapa, msomaji, Adélaïde angebaki. Isipokuwa saa nane mchana, kabla bonanza la Jumapili halijaanza, Venuste alimwita kando.

"Mwenye baa ya Ngarama amepiga. Anatuchukua mwezi mzima, kuanzia kesho."

"Mungu ni mwema!"

"Ngoja, mdogo wangu. Anataka Larissa aimbe mbele."

Adélaïde akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Na mimi?"

"Utaitikia."

"Huyo mtoto, mimi ndiye niliyemfundisha kushika mikro!"

"Najua."

"Nina miaka arobaini na moja, Venuste. Sijafa!"

"Na mimi nina sitini na moja." Mzee hakumtazama, alikuwa akikunja tena waya uliokwisha kunjwa. "Bwana yule ameona video zetu. Anasema, franchement, kusema kweli, mlevi anataka cha kuangalia. Nikikataa anachukua bendi nyingine. Nifanye nini? Uniambie wewe, nifanye nini?"

Adélaïde akamwacha na waya wake.

Mchana huo Vijana wa Rubondo walipanda jukwaani, na kwa mara ya kwanza tangu afike Uganda mwaka 2015, Adélaïde alisimama nyuma. Larissa akaimba, mara juu ya sauti, mara chini yake. Watu wakapiga makofi. Watu wale wale waliokuwa wakimwita Adélaïde "mama wa rumba" na kumletea soda mezani. Alingoja mmoja wao aulize, "Leo mama yuko wapi?"

Baa nzima haikuuliza.

Walipokuwa wanakunja nyaya, alimwendea Mutware.

"Nifundishe kuwa yeye," akasema.

Somo lilianza jioni ile ile, na Jumatatu alfajiri likaendelea kwenye kiti cha nyuma cha gari la bendi, spika zikiwagonga magoti, vumbi la barabara ya Isingiro likiingia kwa kila tundu. Kirundi chake na lugha ya Mutware vilikuwa jirani; kilichobaki ni kupindisha maneno, na kupindisha maneno ndiyo kazi ya mwimbaji. Alikuwa mwanafunzi hodari. Ubaya ni kwamba alikuwa hodari mno.

"Ngombe ya mahari ilikuwa ngapi?"

"Nane."

"Ile ya mbele?"

"Nyekundu. Baka jeupe kwenye jicho la kushoto."

"Ulibatizwa fasi gani?"

"Mtoni. Maji yalinifika kifuani, pasta akanishika kisogo."

"Muzuri. Usiseme misa. Tena usijisahau ukafanya musalaba."

"Na vidole?" Hilo lilimkera. Kidole chake kilikuwa ndani ya mashine za ofisi miaka yote hii. Katika kila mgao wa chakula kilishuhudia kuwa yeye ni Adélaïde wa Burundi na si mwingine.

"Siku ya kwanza ni maulizo tu. Ya vidole tutaona njia."

Hakusema njia gani, naye hakuuliza tena. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Kampire alikuwa anachekaka namna gani?" akauliza, tayari kwa lafudhi ya Mutware.

Mutware alifunua mdomo kujibu, kisha akageukia dirishani. Alipozungumza, aliongea na migomba inayopita. "Anaweka mukono mu kinywa. Sababu ya jino. Namuambiaka toa mukono, anacheka zaidi."

Anaweka. Namuambiaka. Si aliweka, si nilimwambia. Adélaïde aliyasikia hayo yote, akayameza. Katika miaka mitano Mutware hakuwahi kumsimulia kitu chochote kwa sauti ile.

Walipofika njia panda, gari likasimama. Kushoto Ngarama, kulia Base Camp. Kwa Venuste walikuwa wameaga kwamba wanapeleka karatasi za Mutware na watafuata jioni. Mzee alishuka kuwafungulia mlango wa nyuma. Alitazama mfuko wa nguo wa Adélaïde, jinsi ulivyojaa kwa safari ya siku moja.

"Jioni, si ndiyo?"

"Jioni," Adélaïde akasema.

"Wenzenu walituacha kwa ndege. Angalau tuliwasindikiza." Akamgeukia Mutware. "Gitaa linabaki kwenye gari."

"Mzee, nitafika—"

"Gitaa ni la bendi. Linabaki."

Larissa alikuwa akilia kwenye kiti cha mbele bila kujua analia nini. Gari likaondoka kushoto. Adélaïde alilitazama hadi vumbi lilipotua, na hata lilipotua alikuwa bado anatazama, mpaka Mutware alipomvuta mkono wapande bodaboda.

Saa mbili na nusu walikuwa Base Camp. Watu walikuwa wamekwisha jaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi, kila mmoja na bahasha yake.

"Nimesahau fotokopi," Mutware akasema. "Kaa hapa, nakuja saa hii. Bakiuliza, weye ni nani?"

"Kampire."

"Njo vile." Akaondoka mbio kuelekea madukani.

Ndipo mwanamke mmoja akaja akaketi kando yake. Alikuwa mwembamba, kitenge kimepauka, ndala zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Dada, hapa njo banaitaka batu?"

"Ndiyo. Keti."

"Aksanti. Miguu inaniuma mingi." Alifungua kitambaa, akatoa kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha, akakivunja katikati, akampa Adélaïde nusu kubwa. "Kula. Huku bananiambia kungoja ni kazi."

Adélaïde hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Akala. "Umetokea wapi?"

"Aa, weye! Nilitokea Burundi, nikapita Tanzania, kambi na kambi. Miaka saba niko naulizia mutu moja tu. Wiki tatu zimepita nikafika kule banapokea batu bapya. Nikataja jina yake, bakatafuta mu mashini." Akamshika Adélaïde goti. "Alhamisi bakaniita, bakaniambia: mama, iko hai! Unasikia, dada? Iko hai, tena iko hapa hapa Nakivale! Hii ofisi sijafikaka bado, baliniambia nikuye leo, nitamuona na macho yangu."

"Mungu asifiwe," Adélaïde akasema kwa moyo mweupe. "Ni ndugu yako?"

"Bwana yangu. Anapigaka gitaa."

Adélaïde akaacha kutafuna.

Kambi ni kubwa. Wapiga gitaa ni wengi. Adélaïde alijiambia hivyo. "Anaitwa nani?"

"Mutware. Naye anazani nilikufaka ku mutoni." Mwanamke akatikisa kichwa. "Masikini. Sijui nani anamupikiaka."

Sasa yote yalikuwa wazi kama jua la saa sita. Ile simu. Faili yake na ya bibi yake. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na Kanada wala Australia. Ofisi haikumwita Mutware asafiri. Ilimwita aje kupokea mke wake. Na mke mwenyewe huyu hapa, amempa nusu kubwa ya kiazi.

Sema, moyo ukamwambia. Mwambie ni mimi niliyempikia. Mwambie tu.

"Dada, huko muzuri?" mwanamke akauliza. "Umebadilika rangi."

"Ni jua."

"Ngoja." Alijishika uso, akacheka kwa aibu. "Miye nimetoka asubuhi bila kunawa. Nitamuonekania namna gani hivi, na hii vumbi yote? Naenda pale ku bomba, dakika mbili. Dada yangu, bakiniita, uniitikie. Jina yangu ni Kampire."

Akaenda. Alikuwa akitembea haraka, kama msichana.

Adélaïde akabaki na ganda la kiazi mkononi. Aliangalia barabara ya madukani: Mutware bado. Aliangalia bombani: mwanamke ameinama, anajimwagia maji usoni kwa viganja viwili. Akafikiria kuondoka. Aende wapi? Gari lilikuwa limekwisha fika Ngarama, na hata lingekuwa limesimama pale njia panda, ndani yake hapakuwa na nafasi ya mwimbaji. Arudi nyumbani Rubondo? Nyumba ni ya Mutware. Kuanzia leo ni ya Mutware na Kampire. Burundi? Alikotoka hakukubaki hata kaburi la kupalilia.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Afisa akatoka na karatasi, mama mnene mwenye miwani, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu.

"Kampire! Kampire ako?"

Neno moja lingetosha. *Anakuja.* Neno hilo tu, na kila kitu kingerudi kwa mwenyewe: mume kwa mkewe, jina kwa mwenye jina. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Adélaïde. Angelisema.

Lakini wakati huo huo Mutware akatokea kwenye lango. Karatasi mkononi, jasho usoni, anamtafuta yeye kati ya vichwa vyote vile. Alipomwona, akatabasamu. Bombani hakuangalia. Hakuwa na sababu ya kuangalia. Kwa dakika ile moja, ya mwisho, alikuwa bado mume wa Adélaïde.

"Kampire!" afisa akaita tena. "Mutu ya Mutware! Hayuko?"

Adélaïde alijua uongo huu hautafika saa sita mchana. Kuna mashine, kuna vidole, kuna Mutware mwenyewe anayepiga hatua kuja. Alijua utamgharimu hata kile kidogo alichobakiza, kadi yake na jina lake lenyewe. Lakini mtu aliyefungiwa kila mlango huingia ule uliofunguliwa, hata ukiwa wa jela.

Akasimama.

"Niko," akasema.

Afisa akavua miwani, akamtazama juu mpaka chini, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. "Wewe ndiyo Kampire? Banange! Karibu, nyabo, karibu. Leo umetufurahisha sana. Kuja ndani."

Adélaïde akapanda ngazi ya kwanza. Akapanda ya pili.

"Dada!" Sauti ikaita kutoka bombani, imejaa maji na kicheko. "Dada yangu! Bameniita?"

Afisa akasita, mkono kwenye kitasa. Akachungulia juu ya bega la Adélaïde.

"Na ule mama anaita wewe, ni nani? Unamujua?"

Adélaïde hakugeuka.

"Simjui," akasema, akaingia, akauvuta mlango kwa mkono wake mwenyewe.